Diski Kubwa Kuliko Tera 2: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki mezani petu Mwembe Tayari, Mombasa: kutoka kwa wapiga video wa harusi, wenye maduka waliofunga kamera za ulinzi, mawakala wa forodha wenye kompyuta za tangu enzi, na vijana wanaojifunza Linux. Kila jibu linajitosheleza. Jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

Kama umefika hapa mbio kwa sababu kompyuta inakuambia diski lazima ifomatiwe ndipo itumike, kataa, chomoa diski taratibu, kisha usome swali la 5.

## Misingi

1. Nimenunua diski ya tera 4, kompyuta yaonyesha 3.63. Muuzaji kanipunja?

Hapana. Mtengenezaji anahesabu tera moja kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows inagawanya kwa 1,099,511,627,776, lakini inaandika "TB" vilevile. Diski ya kawaida ya tera 4 ina baiti 4,000,787,030,016. Zigawanye utapata 3.63 na chembe. Kwa hesabu hiyo tera 1 husomeka giga 931, tera 2 husomeka 1.81, na tera 3 husomeka 2.72. Mac zilihamia hesabu ya elfu-elfu mwaka 2009, ndiyo maana diski ileile ukiipeleka kwa jirani mwenye Mac itasoma 4.

Zishike namba hizo kichwani. Ikiwa yako imepishana nazo kwa mbali, tatizo ni jingine.

2. Mnasema "amri". Nani anamwamuru nani?

Mfumo endeshi hauigusi diski kwa mkono. Unaitumia ujumbe mfupi wenye umbo maalumu: nisomee sekta (vipande vidogo vya diski) kadhaa kuanzia sekta namba fulani, au niandikie. Ujumbe huo ndio amri. Lugha iliyoenea kuliko zote ni SCSI, iliyosanifishwa mwaka 1986, na hata flashi unayotundika kwenye funguo za pikipiki inaongea SCSI. Diski za SATA, zile za kuchomeka moja kwa moja kwenye bodi ya kompyuta, zina lugha yao, ATA. Ukiitia diski ya SATA ndani ya kasha la USB, kuna chipu ndogo kwenye saketi ya kasha inayopokea SCSI kutoka kwenye kompyuta na kuifasiri iwe ATA kwa diski. Tutaiita daraja. Karibu lawama zote za ukurasa huu zinaishia kwake.

Sasa, kila amri ni kama fomu iliyochapishwa ya bandarini: visanduku vya kuandikia namba vimehesabiwa. Namba ikiwa ndefu kuliko visanduku, hata karani awe hodari vipi, haiandikiki.

Amri ya zamani ya kusoma, READ 6, ina biti 21 (tarakimu za 0 au 1) za namba ya sekta. Kwa sekta za baiti 512, hiyo ni giga 1 basi. READ 10 ina biti 32, nayo inafika tera 2 na kidogo. READ 16 ina biti 64, na hakuna diski iliyokaribia kuzimaliza. Hizo 6, 10 na 16 ni urefu wa amri yenyewe kwa baiti.

3. Mbona kila kitu hukwama kwenye tera 2?

Biti 32 zinahesabu sekta 4,294,967,296. Zidisha kwa 512 upate baiti 2,199,023,255,552. Huo ndio ukuta.

Linalowachanganya watu ni kwamba kuta ni mbili na zimejengwa mahali pamoja. Wa kwanza ni wa amri: READ 10 haiwezi kutaja sekta iliyo mbele ya hapo. Wa pili ni wa jedwali la patisheni (orodha ya sehemu ambazo diski imegawanywa) la aina ya MBR, ambalo nalo liliweka biti 32 kwa mwanzo na urefu wa kila patisheni. Dalili hazifanani. Ukuta wa amri ukikugonga, diski nzima inasemwa kuwa ndogo kuliko ilivyo. Ukuta wa MBR ukikugonga, diski inaonekana nzima lakini sehemu ya mwisho haitumiki. Fundi anayekuambia "ni GPT tu hiyo", yaani jedwali jipya badala ya MBR, kabla ya kuangalia ukubwa uliotangazwa anabahatisha.

4. Kompyuta hujuaje ukubwa wa diski?

Inauliza. Amri ya kuuliza ni READ CAPACITY, nayo ina sura mbili. Sura ya 10 hujibiwa kwa baiti nane: nne za namba ya sekta ya mwisho, nne za ukubwa wa sekta. Diski ikiwa kubwa kuliko biti 32, kanuni inasema ijibu FFFFFFFF (biti zote 32 zikiwa 1), yaani "namba yangu haienei hapa, niulize kwa ile ndefu". Ndipo mfumo unatuma sura ya 16, ambayo majibu yake yana biti 64.

Utaratibu mzuri kabisa, mradi aliye upande wa pili amesoma kanuni.

## Namba zisizo sawa

5. Fundi, diski yangu ya tera 3 yaonyesha giga 746. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote. Diski ya tera 3 ina baiti 3,000,592,982,016. Ondoa ukuta wa 2,199,023,255,552 uone kilichobaki: 801,569,726,464, na kwa hesabu ya Windows hizo ni giga 746 na nusu. Daraja lilitakiwa kujibu FFFFFFFF. Badala yake limechukua namba halisi, likakata biti za juu zisizoenea, likatuma mkia. Madaraja mengi ya kabla ya 2010, mwaka diski za tera 3 zilipoingia sokoni, hufanya hivi, na bado yanauzwa ndani ya makasha mapya ya bei rahisi.

Mikia mingine ya kawaida: tera 4 husomeka 1.63, tera 6 husomeka 1.45, tera 8 husomeka 1.27. Ukiona mojawapo, huna haja ya kukisia tena.

Hapa ndipo watu hupoteza harusi nzima. Tuseme ulijaza diski hiyo ukiwa na kasha zuri, kisha ukaihamishia kwenye kasha bovu. Kompyuta inaona giga 746. Jedwali la patisheni linataja tera 3. Mambo hayaoani, kwa hiyo Windows inakuomba ufomati. Ukikubali, uandishi unakwenda kwenye sekta halisi za mwanzo wa diski, palepale orodha ya mafaili inapokaa. Ukikataa na kuirudisha kwenye kasha zuri, kila kitu kipo kama ulivyokiacha. Nimeona bibi harusi wa Mji wa Kale akiambiwa video yake imefutika, na haikuwa imefutika hata faili moja hadi hapo mtu alipoanza "kuitengeneza".

6. Diski ileile yasoma sawa kwenye kompyuta ya mezani, lakini siyo kwenye kasha. Nani mgonjwa?

Kasha. Kwenye kompyuta ya mezani diski imechomekwa moja kwa moja kwenye SATA, hakuna daraja katikati. Nunua kasha jingine, na kabla ya kulipa omba kulijaribu dukani kwa diski yako mwenyewe. Muuzaji wa maana hatakataa. Maandishi ya boksi yanayosema linabeba tera nyingi yasikutulize.

Kabla ya kulilaumu daraja lakini, hakikisha umeme unatosha. Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 kutoka kwenye adapta yake, na adapta iliyochoka hutoa dalili za ajabu: diski inaonekana, inapotea, inarudi na ukubwa sifuri. Hapa Pwani angalia pia meno ya USB. Chumvi ya hewa huyala, na kutu ya kijani hukata mawasiliano katikati ya kunakili. Hitilafu za aina hii huja na kuondoka. Hitilafu ya amri haibadiliki: namba ileile, kila mara.

7. Diski yasomeka nzima, lakini baada ya tera 2 imeandikwa "Unallocated" na hainikubalii kuongeza.

Huo ni ukuta wa pili wa swali la 3. Diski iliandaliwa kwa MBR. Dawa ni jedwali la GPT, lenye biti 64. Kama diski ni tupu, kwenye Windows fungua diskpart, andika `list disk`, chagua diski kwa uangalifu, kisha `clean` na `convert gpt`. Soma namba ya diski mara mbili kabla ya `clean`, kwa sababu haiulizi.

8. Na ikiwa ina data? Naweza kuibadili bila kufuta?

Unaweza, ila nakili kwanza. Kwa diski ya data, programu ya gdisk kwenye Linux husoma MBR na kuandika GPT bila kuzigusa patisheni zenyewe. Inahitaji nafasi kidogo mwanzoni na sekta 33 mwishoni mwa diski, kwa ajili ya nakala ya pili ya jedwali. Kwa diski inayozidi tera 2 nafasi ya mwisho haikosekani, maana ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imekaa bure.

Kwa diski yenye Windows yenyewe, tumia `mbr2gpt`, iliyokuja na Windows 10 toleo la 1703. Baada ya hapo mashine lazima iwashwe kwa UEFI (programu mpya ya kuwashia kompyuta), kwani Windows haianzi kutoka GPT kwa BIOS ya zamani. Kama bodi yako haina UEFI, acha diski ya mfumo iwe ndogo, na ile kubwa uitumie kwa data tu.

9. Flashi ya tera 2 kwa bei ya sahani ya biriani. Kuna ujanja gani?

Ujanja ni kwamba si tera 2. Ndani pana chipu ndogo, pengine giga 32, na kidhibiti kimefundishwa kudanganya kinapoulizwa READ CAPACITY. Mfumo endeshi hauna njia ya kujua, umeuliza, umejibiwa. Ukipita uwezo halisi, uandishi hutupwa au huzunguka na kufuta ulichoandika mwanzo. Mafaili yataonekana kwa majina na ukubwa kamili, ila hayafunguki.

Pima kabla ya kuamini: H2testw kwenye Windows, au `f3write` na `f3read` kwenye Linux. Zinajaza flashi yote kisha zinasoma kilichorudi. Huchukua muda, hivyo ziache zikifanya kazi ukanywe kahawa. Ukimkuta anayeziuza barabarani hataki upime, jibu umeshalipata.

## Mfumo endeshi unavyokabiliana na vifaa hivi

10. Kama sura ya 16 ni bora, mbona Linux haiulizi kwa hiyo tangu mwanzo na yakaisha?

Swali zuri kuliko yote hapa.

Kwa diski za SCSI halisi zinazotangaza kufuata kanuni mpya, inafanya hivyo: huanza na 16. Shida ni USB. Vifaa vingi vya USB vilitengenezwa na watu waliojaribu kwenye Windows ya wakati wao, wakaona inafanya kazi, wakafunga boksi. Ukivitumia READ CAPACITY 16, amri ambayo Windows hiyo haikuwa ikivitumia, vingine havijibu "siijui" kama kanuni inavyotaka. Vinaganda. Unachomoa, unachomeka, vinaganda tena. Kwa hiyo draiva ya usb-storage inaiagiza kerneli (kiini cha Linux) ianze na sura ya 10, na ndefu itumike pale tu ikijibiwa FFFFFFFF.

Hapo panazuka kundi la pili: makasha ya USB 3.0 yanayofanya lile la swali la 5, yaani hayasemi FFFFFFFF, yanatuma mkia. Haya yanahitaji kinyume, yaulizwe kwa 16 moja kwa moja. Waandishi wa kerneli hawana namna ya kuyatambua kwa kuyatazama, kwa hiyo huorodhesha kila moja kwa namba yake ya utambulisho kwenye faili la `unusual_devs.h` na kulitia alama ya NEEDS_CAP16.

Kuna na kundi la tatu, la vichekesho. Baadhi ya visoma kadi, vikiwa havina kadi ndani, hujibu FFFFFFFF. Vinakusudia kusema "sina kitu". Ukiichukua kanuni kama ilivyoandikwa, umeambiwa kuna diski kubwa mno. Kerneli ina mstari maalumu kwa vifaa vilivyowekewa alama ya kutoulizwa kwa 16: vikijibu hivyo, ukubwa ni sifuri.

Kwa hiyo anayesema Linux ni ya kizamani kwa kuanza na amri fupi ajue kwamba mpangilio ule umetokana na malalamiko ya watu wenye vifaa mkononi. Kubadili chaguo moja humponya mmoja na kumgandisha mwingine.

11. Kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli) kumeandikwa "Very big device. Trying to use READ CAPACITY(16)". Nitishike?

Usitishike, ni habari njema. Sura ya 10 imejibiwa FFFFFFFF, na mfumo unahamia ndefu. Mstari unaofuata unatakiwa utaje sekta. Kwa diski ya tera 4 ni 7814037168 za baiti 512.

La kutazama ni kama sura ya 16 imeshindwa. Hapo kerneli huandika kwamba inatumia 0xffffffff kuwa ndio ukubwa, na diski yako ya tera 4 inageuka tera 2.2. Hutapoteza kitu kwa kusoma, lakini usiandike.

Kujua kifaa kinajibu nini hasa, sakinisha sg3_utils, kisha `sg_readcap /dev/sdb` kwa sura fupi na `sg_readcap --long /dev/sdb` kwa ndefu. Majibu mawili yakipingana, umemshika mwongo.

12. Na kwenye kusoma na kuandika, mfumo huchaguaje amri?

Linux ikishajua diski imevuka biti 32, hutumia READ 16 na WRITE 16 kwa kila kitu. Chini ya hapo hutosheka na READ 10, na kwa USB haitumii READ 6, kwa kuwa vifaa vingi vya USB havikuwahi kufundishwa.

Hili lina matokeo: kasha linaweza kutangaza ukubwa sahihi kisha likashindwa READ 16. Diski itaonekana tera 4 safi, na kosa litatokea unapoanza kusoma. Ni nadra, lakini likitokea usihangaike na patisheni.

13. Naweza kuifahamisha Linux kwamba kifaa changu kina mambo yake?

Ndiyo. Pata namba za kifaa kwa `lsusb`, mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha, kisha andika kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/` mstari wa `options usb-storage quirks=` ukifuatiwa na namba hizo, nukta pacha, na herufi. Herufi `e` inazuia READ CAPACITY 16, kwa kifaa kinachoganda. `c` inapunguza sekta moja, tazama swali la 19. `u` inazuia UAS. Ikiwa draiva imejengwa ndani ya kerneli, mstari uleule huwekwa kwenye vigezo vya kuwashia kama `usb-storage.quirks=`.

14. Hiyo UAS ni nini, na mbona mafundi hupenda kuizima?

Ni njia mpya ya kusafirisha amri za SCSI juu ya USB, inayoruhusu amri nyingi kusubiri kwa foleni badala ya moja-moja. Windows iliipokea na toleo la 8. Kasi huongezeka hasa kwa SSD. Lakini madaraja mengine hutangaza UAS na kuanguka mzigo ukizidi: kunakili kunasimama, dmesg inajaa neno reset. Kuizima ni kipimo kizuri. Ikiwa kasha limetulia baada ya kuizima, unaamua mwenyewe kati ya kasi na usingizi.

15. Ofisini tuna mashine ya Windows XP iliyoshikilia programu ya zamani. Niipe diski ya ukubwa gani?

Ndogo. XP ina kuta mbili. Toleo la kwanza kabisa, kabla ya Service Pack 1, lilitumia anwani za ATA za biti 28, zinazoishia giga 137. Biti 48 zilikuja na kanuni ya ATA-6 mwaka 2002, na Service Pack 1 ikazipokea. Ukuta wa pili: XP ya biti 32 haisomi GPT, kwa hiyo tera 2 ndio mwisho wake. Kwa mashine ya aina hiyo SSD ya giga 120 inatosha na kusaza. Isiunganishwe na intaneti, maana haijalindwa tangu Aprili 2014.

## Kadi, kamera na redio za magari

16. Kadi ya giga 64 haionekani kwenye kisoma kadi changu cha zamani.

Kadi za SD za mwanzo ziliagizwa kwa namba ya baiti. SDHC, kizazi kilichofuata, zikaja na namba ya sekta, ndani ya biti 32 zilezile. Kisoma kadi cha kabla ya SDHC hakiijui lugha hiyo, na hakuna draiva ya kukifundisha. Kisoma kadi cha SDHC kwa kawaida huisoma SDXC, kizazi cha kadi yako ya giga 64, kwa amri, ila kifaa kinaweza kukwama kwenye exFAT, mpangilio wa mafaili wa kadi hizo. Biti 32 hizo ndizo zilizoifikisha SDXC tera 2. SDUC, kizazi cha baada yake, ikaongeza biti 6 kwa amri ya ziada na kufika tera 128.

17. Flashi kubwa haipigi muziki kwenye matatu, lakini kwenye leptopu iko sawa.

Redio nyingi za magari zinajua MBR na FAT32, basi. Fomati kwa FAT32 juu ya MBR, hata flashi ikiwa giga 128. Windows kwa dirisha lake la kawaida la kufomati ilizoea kukataa FAT32 juu ya giga 32, kwa hiyo tumia programu nyingine au Linux. Kumbuka FAT32 haipokei faili la giga 4 kwenda juu. Kwa muziki si neno. Kwa video ya harusi tumia exFAT. Linux inaisoma exFAT yenyewe tangu kerneli 5.4 ya mwaka 2019.

18. Mashine ya kamera za ulinzi dukani imeonyesha tera 2 kwenye diski ya tera 4.

Ni kompyuta ndogo yenye programu iliyogandishwa kiwandani, na kuta zake ni zilezile za swali la 3. Tafuta kwenye karatasi yake ukubwa wa juu kwa kila nafasi ya diski. Ikiwa mtengenezaji ametoa programu mpya, isakinishe kabla ya kufomati. Ikiwa hakutoa, bei ya diski mbili za tera 2 ni hasara ndogo kuliko kugundua siku ya wizi kwamba mashine iliandika juu ya picha zake yenyewe.

## Mambo ya pembeni

19. Linux yalalamika kosa kwenye sekta ya mwisho kabisa. Kadi mpya hii!

READ CAPACITY hurudisha namba ya sekta ya *mwisho*, na kwa kuwa hesabu huanza na sifuri, idadi ni namba hiyo jumlisha moja. Watengenezaji wengine walirudisha idadi yenyewe. Mfumo unaongeza moja, kisha unaomba sekta isiyokuwepo. Herufi `c` ya swali la 13 inarekebisha. Herufi `h` inakisia, kwa kudhani kuwa idadi isiyogawanyika kwa mbili ni ya uongo. Kadi yenyewe haina kosa.

20. Nimeitoa diski kwenye kasha lake la asili, nimeichomeka SATA, na sasa yaonekana tupu.

Pumua. Makasha mengine yalitafuta njia ya kuwafaa watu wa XP: daraja linajifanya kuwa diski ina sekta za baiti 4096 badala ya 512. Kwa hesabu hiyo biti 32 zinafika tera 16, na MBR inatosha. Lakini jedwali liliandikwa kwa vipimo vya 4096. Ukiichomeka SATA, diski inajitambulisha kwa 512, na kila namba ya jedwali inaelekeza mahali pasipo, moja ya nane ya umbali. Irudishe kwenye kasha, nakili data yote kwenye diski nyingine, ndipo uiandae upya.

Ikiwa kasha limekufa, bado kuna njia kwenye Linux: tengeneza kifaa cha loop chenye sekta za 4096 juu ya diski kwa `losetup --sector-size 4096 --read-only -P -f /dev/sdb`. Patisheni zitajitokeza kama zilivyokuwa. Ila makasha mengine huficha data kwa msimbo ndani ya daraja. Hayo hayafunguki kwa njia hii.

21. smartctl haisomi afya ya diski kupitia USB.

Afya husomwa kwa amri za ATA zilizofungwa ndani ya SCSI. Jaribu `smartctl -a -d sat /dev/sdb`. Ikigoma, `-d sat,12`, inayotumia bahasha fupi. Bahasha hiyo fupi ina msimbo A1, ambao kwa viendeshi vya CD ni amri ya kufuta diski inayoandikika upya, ndiyo sababu bahasha ndefu, ya baiti 16, hujaribiwa kwanza. Daraja likikataa zote mbili, pima diski kwa SATA.

22. NVMe nazo zina matatizo haya?

Amri za NVMe, zile SSD za umbo la kadi, zilizaliwa na biti 64 za anwani, hakuna sura fupi wala ndefu. Lakini ukiitia kadi ya NVMe ndani ya kasha la USB, umerudi kwenye SCSI na daraja, na maswali ya 4 hadi 14 yanakuhusu kama mwingine yeyote. smartctl nayo itataka jina la aina ya daraja, kama `-d sntjmicron` au `-d sntrealtek`, kwa kuwa kila mtengenezaji alibuni bahasha yake.